Mlio Chini ya Kiti cha Kushoto

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua nyanya sokoni, nikifika nyumbani namwaga mfuko wote mezani niangalie zile za chini. Mtu akinisifu kitambaa cha kichwa, najiuliza anataka kuazima nini. Nimeshona sare za shule mjini Thika miaka mingi, na kazi hiyo humfunza mtu: mzazi anayekuapia kwamba mtoto wake hakui haraka ndiye huyo huyo atakayerudi muhula ujao kulalamika kwamba sketi ni fupi. Kwa hivyo siku mume wangu aliponiambia gari linalia tukikata kona, nami sikuwa nimesikia kitu, sikuuliza ni sauti gani. Nilimtazama usoni.

Tulikuwa tumetoka nyumbani Ngoingwa tukielekea mjini kwa mazoezi yake. Kiharusi kilikuwa kimempiga mapema mwaka ule na kumwacha na mkono wa kushoto uliolala juu ya paja, na mguu wa kushoto aliouburuta. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa basi la shule, tena dereva wa kujivunia, na katika gari letu sikuwahi kushika usukani ingawa leseni ninayo. Alikuwa akisema nakanyaga breki utadhani naua mende. Sasa mimi ndiye niliyeendesha. Yeye alikaa kushoto kwangu, mkanda nimemfungia mimi, akitazama kioo cha upande wake na kunitangazia kila pikipiki inayokuja.

Mkono tulikuwa tumeanza kuuzoea. Mguu ndio uliokuwa kila kitu. Msichana aliyemfanyisha mazoezi kwenye kliniki alitueleza vizuri kabisa: nguvu zilikuwa zinarudi pajani na gotini, lakini unyayo ulikuwa bado umekufa ganzi, na unyayo usiojua umefika chini hauwezi kumsimamisha mtu. Bila huo, angeendelea kuanguka. Alikuwa ameshaanguka bafuni mara moja, nikamkuta ameegemea ndoo akijifanya anatafuta sabuni. Yule msichana alimwambia afumbe macho, akampitishia pamba kwenye unyayo, kisha ncha ya pini. Mume wangu alikaa kimya kama mtu anayengoja kuitwa jina. Hakuna kitu kilichofika.

Tangu siku hiyo hakutaka habari za mguu. Nikimuuliza, ananiuliza kama kuku wamekula. Kwenye kliniki akaanza kukataa kuvuliwa kiatu. Alimwambia yule msichana ashughulike na goti na bega, soksi zake zimetoboka na anaona aibu. Soksi zake nazifua mimi na hazikuwa na tundu hata moja. Kanisani watu waliomba Mungu amponye kwa jumla. Mimi niliuombea unyayo peke yake.

Basi hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo tulipofika kwenye mzunguko wa kuingilia mjini, nikazungusha usukani kulia, naye akaniuliza kama nimesikia. Nikazima redio. Kona iliyofuata ilikuwa ya kushoto na gari likapita kimya. Akasema ni nikikata kulia tu, na kwamba ni kitu kama ngumi, kong', hapa chini upande wake. Nikarudi kwenye mzunguko, nikauzunguka wote huku watu wananipigia honi, akasema, "Hapo!" Sikusikia kitu. Nilimwambia sisikii. Akagusa sikio lake kwa mkono mzima, akasema haya masikio yamesikiliza injini tangu ujana na hayajaharibika.

Moyoni nilisema, huyu anatafuta jambo.

Wiki zilizofuata zilinithibitishia. Kila kona ya kulia, "hapo." Yule mzee ambaye nilikuwa namvuta kitandani siku za mazoezi akaanza kuamka kabla yangu, kuvaa shati kwa mkono mmoja na kunisubiri sebuleni. Halafu akaanza kunichagulia njia. Tusipite ile fupi ya lami, tupite kule juu kwenye nyumba mpya za kupangisha, ambako mtu anakata kona mpaka kichwa kinamzunguka. Huyu ni mtu ambaye, akiwa mzima, alikuwa anazima injini kwenye mteremko ili asimalize mafuta. Nikamuuliza sababu. Akasema anataka kuona jinsi watu wanavyojenga.

Sasa nieleze nilichokifikiria, kwa maana nilikifikiria sana. Mume wangu ana ndugu yake mdogo anayekaa Mwiki, upande wa Ruiru. Tangu kiharusi, ndugu huyo alikuwa ameshalitaja gari letu mara kadhaa. Kwa nini likae tu uani, angelifanyia kazi ya teksi, angetuletea kitu kidogo mwisho wa mwezi, na shemeji apumzike na haya mambo ya kuendesha. Shemeji ni mimi. Nikamjibu kwamba sijachoka. Lakini nilijua kwamba gari likienda Mwiki, mazoezi yamekwisha. Boda boda haiwezi kumbeba mtu asiyejua mguu wake uko wapi. Na mazoezi yakiisha, ule unyayo ungekufa kabisa na mimi ningezeeka nikimshika mume wangu mkono kwenda chooni. Kwa hivyo niliposikia "hapo, hapo" kila siku, nilijiambia wamepatana. Watasema gari linaharibika kwa sababu ya mwanamke, litolewe mikononi mwake kabla halijawa chuma chakavu.

Nikaamua mimi mwenyewe nilipeleke kwa fundi, niwanyime sababu. Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Mume wangu akakataa. Alisema ni kitu kidogo, gari likishazeeka lazima liseme, litanyamaza lenyewe. Dereva aliyekuwa akisikia mlango wa basi unapiga kelele hawezi kulala mpaka ameutia grisi, ndiye aliyeniambia litanyamaza lenyewe. Anayelalamika kila kona hataki kutengenezewa! Niliwaza hilo jambo nikiwa napindia suruali za watu, nikajichoma sindano.

Nililipeleka hata hivyo. Gereji ilikuwa hapo hapo Thika, uwanja wa vumbi lililochanganyika na oili, magari yamesimama juu ya mawe. Watu wa kwetu wanajua kwamba gari haliachwi gereji bila ulinzi. Spea yako nzuri inaweza kwenda kwa mwingine ukarudishiwa iliyochoka. Nilikuja na rangi ya kucha, nyekundu, nikaomba boneti ifunguliwe nikatia alama kila chuma nilichoweza kukifikia, na vingine chini nikalala kwenye gunia kuvifikia. Fundi alinitazama tu, nadhani hakuwa ameona mtu akitia rangi mpaka kwenye betri. Kisha nikatafuta ndoo ya kukalia.

Nikiwa bado nazunguka na ile ndoo nyuma ya gari, fundi akaenda dirishani kumuuliza mzee, aliyekuwa bado amekaa garini, shida ni nini. Nikamsikia mume wangu kwa masikio yangu mwenyewe.

"Ni nyuma," alisema. "Upande wa kulia. Tukipita kwa bumps."

Nikasimama na ndoo mkononi. Nyuma, kulia, kwenye matuta. Mimi alikuwa ameniambia mbele, kushoto, kwenye kona, si mara moja, kila siku ya Mungu. Niliweka ndoo chini nikaikalia, nikaendelea kutazama.

Tukamshusha mume wangu kwenye benchi, na fundi akaondoka na gari peke yake kwenda kulijaribu. Akarudi akasema kona ni safi, matuta nayo si mabaya, lakini kwenye vipuri vya kushikilia magurudumu ya nyuma, bushi zimechoka na linki moja inacheza, akavibadilisha. Nilikagua alama zangu zote za rangi; kila kitu kilikuwa mahali pake. Fundi yule hakuwa ameniibia kitu. Tukapanda, tukatoka, nikakata kulia kuingia barabara kubwa.

"Hapo," mume wangu akasema. Akageukia dirisha, lakini nilimwona kwenye kioo cha pembeni, na alikuwa anatabasamu.

Nilikasirika njia nzima. Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini amemtuma fundi nyuma. Akashika paji la uso, akasema, nimesema hivyo kweli, hiki kichwa siku hizi. Kichwa chake kilikuwa sawa. Jana yake tu alikuwa amemtaja jirani aliyeazima jembe letu kabla mtoto wetu wa kwanza hajazaliwa, na rangi ya mpini wake.

Basi nikaanza uchunguzi wangu. Siku moja nilichukua gari peke yangu mpaka uwanja wa kanisa, redio nimezima, vioo nimeshusha vyote, nikazunguka kulia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama breki zimekataa. Gari lilikuwa kimya kama maji kwenye kikombe. Kwa hivyo sauti ilikuwepo tu mume wangu akiwemo. Nikahitimisha kwamba ama anaitunga, ama anaipiga yeye mwenyewe kwa mguu mzima. Wiki hiyo kila nikikata kona niliangalia mguu wake wa kulia badala ya barabara, na nusura nimgonge mwenye mkokoteni wa miwa. Mguu haukusogea.

Kisha ndugu yake akapiga simu. Alisema amesikia gari linasumbua, na kwamba kuna fundi mzuri Gatongora, karibu na Ruiru, tumpelekee. Nikamuuliza amesikia kutoka kwa nani. Akasema si mzee alimwambia juzi, mbona nauliza hivyo. Nilikata simu nikakaa chini. Sasa nilikuwa na ushahidi wangu wote, na kila kipande kilielekea Mwiki, isipokuwa kimoja: kama walitaka gari lionekane bovu, kwa nini mume wangu alimficha fundi wa Thika ubovu wenyewe? Kipande hicho hakikukaa popote.

Niliamua nitaenda kwa huyo fundi wa Gatongora, lakini nitaenda bila taarifa, wasipate nafasi ya kupanga. Ilikuwa Jumamosi, katikati ya ile baridi ya Julai ambayo huku kwetu inaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Nilimwambia mume wangu tunaenda Mwiki kumwona ndugu yake. Akafurahi, akavaa kofia yake ya kwenda harusini. Tulipofika Ruiru niliacha njia ya Mwiki nikashika ya Gatongora.

Akaangalia maduka yanayopita. "Mama, huku si Mwiki."

"Najua," nikasema.

Hakuongea tena. Hilo nalo niliandika moyoni.

Fundi wa Gatongora alikuwa mtu wa maneno mengi na kijiti cha meno mdomoni. Nilimweleza mimi, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo: mbele, kushoto, nikikata kulia, na mwenye kusikia ni huyu hapa. Akasema sawa, tushuke alijaribu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikaenda upande wa mume wangu kuanza ile kazi ya kumshusha: kufungua mkanda, kugeuza magoti, kuuinua mguu na kuuweka chini, kutafuta mkongojo, kungoja. Fundi akatazama shughuli yote hiyo, akatazama anga, akajifuta mvua usoni, akasema mzee akae tu hapo alipo, hana shida naye. Hakuwa na hekima yoyote kwa jambo hilo. Hakutaka kulowa.

Nami sikukubali gari liondoke bila mimi, maana nawajua mafundi wanaotoka kujaribu gari la mtu na kurudi wameshakula chakula cha mchana. Niliingia nyuma, upande wa kushoto, mgongoni mwa mume wangu. Fundi akapiga gari moto, akatoka getini, akazungusha usukani kulia.

Kong'.

Nililisikia, tena si kwa masikio tu. Lilinigonga chini ya kiatu, kana kwamba kuna mtu amelala chini ya gari na kupiga sakafu kwa ngumi. Fundi akasema, ehe, hiyo ni springi. Akarudia kona nyingine kwa furaha, likagonga tena. Mimi nilikuwa natazama kisogo cha mume wangu. Hakuwa ametunga. Mlio ulikuwa wa kweli tangu siku ya kwanza, na kwa muda mfupi nilimwonea huruma kwa yote niliyomfikiria. Halafu hasira ikarudi mbio, kwa sababu kama mlio ni wa kweli, na yeye ni dereva, basi alijua kabisa ulipo siku ile alipomtuma fundi wa Thika nyuma.

Fundi alipiga jeki, akavua gurudumu, akaniita nione. Katikati ya mikunjo ya springi kulikuwa na raba nene nyeusi. Nilizikumbuka. Mume wangu alizitia yeye mwenyewe, moja kila upande, mwaka mmoja kabla ya kiharusi, kuliinua gari, kwa sababu barabara ya kwetu mvua ikinyesha inalikwaruza tumbo. Watu wengi huku wanafanya hivyo. Ya upande wa kushoto ilikuwa imepasuka na kipande kimoja kimeanguka njiani. Fundi alieleza kwamba ukikata kulia, uzito wa gari unalalia kushoto, na kama kuna mtu amekaa juu ya upande huo, springi inabonyea, inateleza juu ya raba iliyovunjika na kuruka. Kiti kikiwa kitupu, haifiki hapo; na leo, nami nimeongeza uzito nyuma yake, iligonga kwa nguvu kuliko siku zote. Ndiyo sababu fundi wa Thika, peke yake, hakupata kitu, na mimi uwanja wa kanisa sikupata kitu. Mwenye kuugua alikuwa anaachwa kwenye benchi.

"Tunatoa zote mbili," fundi akasema.

Sauti ya mume wangu ikatoka dirishani. "Wacha hizo raba zikae. Gari itaguza bumps."

Fundi akamwambia moja imekufa, haifanyi kazi yoyote. Mume wangu akasema wacha tu, tutarudi siku nyingine. Fundi akachomoa kijiti mdomoni, akatutazama kwa zamu, akauliza hapa anayesema ni nani. Nilimwambia ni anayeendesha, na anayeendesha anasema toa. Akatoa. Mume wangu aligeuza uso akawa anatazama ukuta wa mabati, na hakuugeuza mpaka gurudumu likarudishwa na nati kukazwa.

Kona ya kwanza ya kulia, kimya. Ya pili, kimya. Gari lilikuwa limeshuka kidogo na linapita vizuri, mtu yeyote angefurahi. Nilimtazama mume wangu kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa amelegea, kofia imeteremka, kama mtu anayetoka kuzika. Mwiki hatukwenda tena. Nilishika njia ya kurudi Thika nikiwa nachemka ndani, nikipanga maneno yangu, maana nilikuwa nimeamua kwamba hatutafika nyumbani kabla sijajua.

Hatukuwa tumefika mbali aliponionyesha kituo cha petroli kando ya barabara, akaniambia niingie. Nilidhani anataka choo. Nilipoingia, akasema nizunguke uwanja, kulia, polepole. Nikazunguka. Akasema tena. Alikuwa amefumba macho na amekaza midomo. Nikazunguka tena, wale wanaojaza mafuta wakaanza kututazama. Akasema tena, kwa sauti ndogo. Nikazunguka tena. Halafu akafumbua macho na kuniambia basi.

Niliegesha pale wanapotia upepo kwenye magurudumu, nikazima injini.

"Leo utaniambia," nikasema. "Ulijua ni springi."

"Nilijua."

"Na ukamtuma fundi nyuma."

"Nilimtuma."

"Kwa sababu ndugu yako anataka gari."

Aligeuka akanitazama kwa mshangao wa kweli, na huo mshangao nauamini mpaka leo, kwa maana hakuna mtu anayeweza kuigiza sura ile. Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka katikati, akajifuta macho kwa mkono mzima.

"Gari ni nini, Mama. Gari achukue." Akauelekezea kidole mguu wake wa kushoto, uliokuwa umekaa sakafuni na kiatu chake kilichong'arishwa. "Ile kitu haikuwa inagonga masikio. Ilikuwa inagonga hapa. Chini ya unyayo. Tangu hospitali, hakuna kitu kingine kimewahi kufika hapo."

Akaniambia yaliyobaki akitazama mbele, kioo kikiwa kimejaa matone. Siku ya kwanza alidhani ni sauti tu. Alipofika kwenye kliniki ndipo alipogundua kwamba alikuwa ameusubiri ule mlio kwa mguu, si kwa masikio, na kwamba kila kona unakuja mahali pale pale. Hakumwambia mtu. Angeniambia mimi, ningemkimbiza kwa yule msichana. Msichana angemwambia afumbe macho, angeleta pamba na pini. Na kama pini isingefika, basi hata ile kong' ingekuwa uongo, na asingebaki na kitu. Aliona heri awe nayo bila kuiuliza maswali. Ndiyo sababu aliendelea kukataa kuvuliwa kiatu. Ndiyo sababu ya zile kona za kule juu. Nikamuuliza kuhusu ndugu yake, akasema ndugu yake alipiga simu tu kumjulia hali, naye hakuwa na habari nyingine ya kumpa isipokuwa ya gari.

Nilimgombeza. Sitaficha hilo. Nilimwambia ni mchoyo, kwamba nimeuombea huo unyayo mpaka magoti yakachubuka, na yeye ana habari zake amezikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ungeniamini?"

Ukweli ni kwamba hata wakati ule sikuwa nimemwamini. Mtu akitaka kitu sana anaweza kukihisi. Huenda alisikia kwa masikio na mguu ukajipa sifa. Huenda kesho asubuhi angeamka ajue hivyo, na mimi ndiye ningekuwa naye nyumbani siku hiyo. Sikuweza kulipeleka jambo lile Ngoingwa likiwa nusu. Nilishuka, nikazunguka mpaka upande wake, nikafungua mlango, nikapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, nikamvua kiatu na soksi. Hakunizuia. Nilimwambia ajifunike uso kwa kofia, akajifunika, na nikahakikisha haoni kwa chini.

Nikaweka mikono yangu yote miwili nyuma ya mgongo.

"Nimeshika wapi?" nikamuuliza.

Nilijua mtu anayekisia angesemaje. Angesema kisigino, au kidole gumba, achague kimoja na kuomba Mungu. Lori lilikuwa linatiwa upepo karibu yetu na mashine inanguruma. Nilikuwa naogopa kuliko siku ile ya bafuni.

"Mzee, nimeshika wapi?"

"Bado hujashika," akasema ndani ya kofia, kwa ile sauti ya kunikemea barabarani.

Inaweza kuwa bahati, nilijiambia. Nikaleta mkono mmoja mbele, taratibu, kitambaa cha nguo yangu kisimguse. Sikubonyeza. Niliweka kiganja tu chini ya unyayo wake wote, wala sikuuliza kitu. Ule mguu ulikuwa mzito na mkavu kiganjani mwangu. Lori likamaliza, likaondoka. Nilikuwa tayari kabisa kurudisha soksi.

"Mkono wako ni baridi," akasema.

Sikuwa nimemuuliza habari za baridi.